Anayechunguzwa Asishike Ushahidi

Kuna hoja ambayo Wakenya wameizoea hadi inatamkwa bila kufikiriwa. Utaisikia bungeni, utaisikia kwa wakubwa wa serikali kila baada ya maandamano, na utaisikia kwa abiria wa matatu aliyenyakuliwa simu juzi: polisi wetu wamefungwa mikono. Wamefungwa na Katiba ya 2010, wamefungwa na mawakili wa haki za binadamu, na zaidi ya wote wamefungwa na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ambayo kazi yake, kwa mujibu wa hoja hii, ni kumvizia askari huku jambazi akitamba mitaani. Waacheni polisi wafanye kazi, tunaambiwa. Wakikosea, wakubwa wao watawatia adabu.

Naipinga hoja hii yote. Polisi wa Kenya hawajafungwa mikono hata kidogo. Aliyefungwa ni yule tuliyemwajiri awasimamie, kwa sababu hadi leo anapokwenda kuchunguza mauaji yaliyofanywa na askari, vitu vingi anavyovihitaji vimo mikononi mwa askari: daftari la kituo, daftari la silaha, kanda za kamera, hata maabara inayopima risasi. Nchi inayotaka haki ingekasirishwa na hilo.

Tuanze na sheria, maana wengi wanaoilaumu hawajaisoma. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamruhusu askari kufyatua risasi ili kuokoa maisha yake au ya mtu mwingine, na kumkinga yeyote dhidi ya hatari ya kifo au jeraha baya inayomkabili papo hapo. Jambazi akimwelekezea konstebo bastola, hakuna kifungu kinachomwambia konstebo huyo asubiri. Kinachotakiwa ni kwamba baada ya risasi kulia atoe maelezo kwa mkubwa wake, asichezee ushahidi, na ikiwa mtu amekufa au ameumia vibaya, mkubwa huyo aitaarifu IPOA ichunguze. Hiyo ndiyo minyororo inayolalamikiwa. Karani wa benki hukaguliwa pesa zake kila jioni, na sijamsikia yeyote akisema kwamba benki imemfunga mikono. Tuliyemkabidhi bunduki hawezi kudai kuaminiwa kuliko tuliyemkabidhi noti.

Na matendo yenyewe yanaikanusha hoja hiyo. Katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha mwaka 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 39 kufikia mwanzo wa Julai, na hesabu yake ikaendelea kupanda hadi 60. Mwaka uliofuata maandamano yakarudi na risasi zikarudi. Julai 2025 Rais William Ruto akasema hadharani kwamba anayeonekana akichoma biashara ya mwenzake apigwe risasi mguuni, apelekwe hospitalini, kisha mahakamani. Naielewa hasira ya mfanyabiashara aliyeamka akakuta duka lake ni majivu; mwizi wa mali yake anastahili kukamatwa na kufungwa. Lakini risasi iliyoelekezwa mguuni ndani ya umati haijui mguu wa mporaji na mguu wa mama aliyekuwa akifunga kibanda chake akimbie, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu anaweza kufa kabla ya kufikishwa hospitalini. Mikono iliyofungwa haiachi maiti 60.

Wanaosema tuwaachie wakubwa wa polisi kazi ya kuwaadhibu wadogo wao wamesahau kwamba tulikwisha kufanya hivyo kwa miaka mingi. Kabla ya 2012 hakukuwa na IPOA. Mwananchi aliyepigwa na polisi alikwenda kuripoti kwa polisi, mara nyingi katika kituo kile kile, akaandikiwa kwenye OB, daftari la matukio la kituo, na mwenzake wa aliyempiga, kama aliandikiwa. Mavuno ya mpango huo tuliyaona baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Katika nchi ambayo bunduki nyingi halali zimo mikononi mwa polisi, wakubwa wa polisi hawakuwa wamewafikisha kortini wale waliofyatua. Waki akapendekeza chombo huru cha kupokea malalamishi dhidi ya polisi, jopo la Jaji mstaafu Philip Ransley likaunga mkono mwaka 2009, Wakenya wakapitisha Katiba mpya, na sheria ya IPOA ikatungwa mwaka 2011. Chombo hiki kililetwa na makaburi. Anayetaka kukivunja atueleze kwanza ni nini kimebadilika katika moyo wa mkubwa wa polisi tangu siku zile.

Sasa tutazame chombo hicho kinapofanya kazi. Agosti 2014 polisi walivamia nyumba usiku huko Kinango, Kwale, wakimtafuta mshukiwa wa mauaji. Hawakumpata. Walimpiga risasi jamaa yake, msichana wa miaka 14, akafa. Maelezo yao yalikuwa kwamba mtoto huyo aliwashambulia kwa panga. Alikuwa amekwisha kuzikwa, na familia yake ni ya watu wa kijijini wasio na wakili wala mbunge wa kuwapigia simu. Katika utaratibu wa zamani kesi ingeishia hapo: panga limetajwa, faili limefungwa. IPOA ikapata amri ya kufukua mwili ili upasuliwe na daktari, ikakusanya ushahidi, ikapeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawatia hatiani maafisa wawili kwa kuua bila kukusudia, ikawafunga miaka 7. Kwa maoni yangu adhabu hiyo ilikuwa nyepesi. Lakini ilikuwa mara ya kwanza uchunguzi wa IPOA kuzaa hukumu, na sioni ni mhalifu gani aliyefaidika. Mshukiwa aliyekuwa akitafutwa usiku ule hakuachiliwa na IPOA. Aliwaponyoka polisi wenyewe kwa sababu walimfyatulia mtoto risasi badala ya kumtafuta yeye.

Kisha kuna kisa cha Albert Ojwang, mwalimu aliyekamatwa kwao Homa Bay Juni 7, 2025, akasafirishwa mamia ya kilomita hadi Nairobi kwa sababu ya machapisho ya mitandaoni, na kufikia kesho yake alikuwa maiti. Polisi walisema aligonga kichwa chake ukutani ndani ya seli ya kituo cha Central. Taarifa hiyo ilitoka mapema, kabla ya daktari yeyote kuupasua mwili. Baada ya upasuaji, jopo la madaktari likiongozwa na Bernard Midia lilieleza majeraha ya kichwa, shingo iliyokabwa na michubuko sehemu nyingi za mwili, hali isiyolingana na mtu kujigonga. IPOA ikawaambia maseneta kwamba mfumo wa kamera wa kituo ulikuwa umechezewa. Inspekta Jenerali Douglas Kanja akalazimika kuomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile ya kwanza, na akaeleza kwamba lalamiko lililosababisha mwalimu huyo akamatwe lilitoka kwa naibu wake mwenyewe, Eliud Lagat. Lagat alikaa kando uchunguzi ukiendelea, hakushtakiwa, akarejea kazini. Kabla ya mwezi kwisha watu 6, maafisa watatu wa polisi akiwemo mkuu wa kituo na raia watatu, walifikishwa kortini kwa shtaka la mauaji, wakakanusha. Hatia au kutokuwa na hatia kwao ni juu ya mahakama, nami sitaitangulia.

Ninachotaka msomaji akipime ni hiki. Mlalamishi alikuwa namba mbili wa huduma nzima ya polisi. Washukiwa walikuwa ndani ya kituo cha polisi. Taarifa rasmi ilikuwa imeshatolewa kwa jina la huduma hiyo. Kweli kuna konstebo, sajini au hata kamishna ambaye angepewa kazi ya kuchunguza jambo hilo ndani ya nyumba yao, kisha apeleke ripoti kwa bosi ambaye naibu wake ametajwa? Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi kipo, na sheria imekipa kazi ya kupokea malalamishi. Huenda wamo ndani yake watu waadilifu kuliko mimi. Lakini mkubwa wao wa mwisho ni Inspekta Jenerali, naye ndiye aliyekuwa amewaambia Wakenya habari ya ukuta. Uadilifu wa mtu mmoja mmoja hauwezi kubeba mzigo wa namna hiyo, na ni dhuluma kumtwika askari mdogo.

Hapa wapinzani hubadilisha hoja. Wakishindwa kusema kwamba IPOA inawaonea polisi, husema kwamba haina faida: imepokea maelfu ya malalamishi tangu 2012 na hukumu zilizopatikana ni chache mno, kwa hiyo ni mzigo kwa mlipa kodi. Hukumu ni chache, ndiyo. Uchache huo unatokana na mahali ushahidi unapolala.

Mtu anapouawa kwa risasi katika mtaa wa Mathare, wa kwanza kufika ni polisi. Ndio wanaozingira mahali hapo, ndio wanaookota maganda ya risasi, au wanaoyaacha, ndio wanaoubeba mwili hadi mochari na kuandika kwenye OB uliokotwa wapi na kwa nini. Daftari linaloonyesha nani alichukua bunduki gani asubuhi ile linakaa kituoni. Mpelelezi wa IPOA akifaulu kupata risasi iliyotolewa mwilini, anapotaka kujua ilitoka katika bunduki gani huenda kwenye maabara ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, yaani kwa polisi. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha huduma ya kitaifa ya uchunguzi wa vifo vya kutiliwa shaka, ili vifo kama hivi vishughulikiwe na ofisi isiyo ya polisi. Miaka ikapita, sheria ikiwa karatasi tu na ofisi haipo. Sheria inamtaka askari mwenye sare avae jina au nambari yake mahali panapoonekana. Tumewaona katika maandamano wakiwa na barakoa, kofia na makoti ya kiraia, ndani ya magari yasiyo na nambari. Halafu mtu anasimama akiuliza mbona IPOA haiwatambui washukiwa!

Uhuru wa IPOA umeandikwa katika sheria, na hata ukiusoma utaridhika: inaweza kudai nyaraka, kuwaita mashahidi, kuomba kibali cha mahakama kupekua. Kasoro ni kwamba kukaidi hakumgharimu mtu. Septemba 2024 aliyekuwa kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, alihukumiwa na Mahakama Kuu kifungo cha miezi 6 kwa kudharau wito wa mahakama mara kadhaa, katika kesi ya watu watatu waliotoweka Kitengela. Alipofika na kuomba radhi siku chache baadaye, hukumu iliondolewa. Ikiwa mkuu wa polisi anaweza kumfanyia hivyo jaji, mpelelezi wa IPOA aliyesimama kaunta ya kituo akiomba daftari la silaha anatarajia nini?

Na wanaodhani malalamishi dhidi ya polisi ni silaha rahisi mikononi mwa wahalifu wamkumbuke Willie Kimani. Wakili huyu kijana alikuwa akimtetea mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na afisa wa polisi wa utawala, mteja huyo akathubutu kupeleka lalamiko IPOA, na tangu hapo akawa anafunguliwa mashtaka yasiyokwisha. Juni 23, 2016 walitoka pamoja katika mahakama ya Mavoko, wakapanda teksi. Walitekwa wote, wakili, mteja na dereva, wakafungiwa katika kambi ya polisi Syokimau. Miili yao ilipatikana mtoni huko Ol Donyo Sabuk. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu na mpashaji habari wao, na Februari 2023 Fredrick Leliman, afisa yule yule aliyelalamikiwa, akahukumiwa kifo. Ilichukua miaka 6 kupata uamuzi huo, katika kesi iliyofuatiliwa na taifa zima na mawakili wenzake Kimani kumwagika barabarani. Dereva wa teksi hakuwa amemlalamikia mtu yeyote; alikuwa amepakia abiria wawili. Hiyo ndiyo gharama ya lalamiko moja nchini mwetu. Anayesema Wakenya wanalalamika ovyo dhidi ya polisi hajui ni ujasiri kiasi gani unaohitajika ili mtu wa kipato kidogo atie sahihi fomu ile.

Upande wa kupigwa msasa, yaani kuwachuja maafisa wasiofaa, nao umezungukwa na dhana ya uongo. Wengi wanakumbuka zoezi lililoanza Desemba 2013 chini ya Johnston Kavuludi, mwenyekiti wa kwanza wa Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi. Maafisa walihojiwa mbele ya kamera kuhusu mali zao, na tukashuhudia askari wa trafiki wakishindwa kueleza pesa zilizokuwa zikipita kwenye M-Pesa zao, nyingine zikielekea juu kwa wakubwa. Kwa hiyo watu husema: msasa tulipiga, polisi ni wale wale, basi msasa haufai. Mimi nasema tulipiga msasa mara moja, tukauweka kabatini. Mtu aliyehojiwa na kupita amebaki na baraka hiyo, hata awe amehamishwa vituo vitatu na kuacha malalamishi katika kila kimoja. Zaidi ya hayo, Kifungu cha 246 cha Katiba kinawaweka Inspekta Jenerali na manaibu wake wawili kuwa wanachama wa tume hiyo hiyo, pamoja na maafisa wakuu wawili wastaafu wa polisi. Viti vitano vya tume inayoamua nani anafaa kuvaa sare ni vya watu waliovaa au wanaovaa sare. Watanzania, Waganda na yeyote anayefikiria kuiga mfano wa Kenya alitazame hilo kwa makini kabla ya kunakili.

Asiseme mtu kwamba haya ni matatizo ya nchi changa. London, Machi 2021, afisa wa polisi Wayne Couzens alimteka, akambaka na kumuua Sarah Everard, akitumia kitambulisho chake cha kazi. Uchunguzi wa Elish Angiolini uliotolewa Februari 2024 ulisema mtu huyo hakupaswa kamwe kuwa polisi, na ukaonyesha jinsi ukaguzi wake ulivyofanywa kizembe na malalamishi ya kujianika utupu yalivyopuuzwa. Uingereza ina chombo huru cha malalamishi chenye pesa na wapelelezi wengi. Ila ukaguzi wa anayeajiriwa ulikuwa kazi ya vikosi vya polisi vyenyewe.

Tanzania ina somo lake. Januari 2006 polisi wa Dar es Salaam walitangaza kuwaua majambazi wanne. Watatu walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge, wa nne dereva teksi. Ilibidi Rais Jakaya Kikwete aunde tume ya Jaji Mussa Kipenka, mtu wa nje ya polisi, ndipo ikajulikana kwamba hawakuwa majambazi. Mahakama Kuu iliwaachilia washtakiwa wote mwaka 2009, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja tu. Bila tume ile wanne hao wangebaki na jina la ujambazi hadi leo, na watoto wao wangelirithi. Lakini tume ya rais huundwa pale kelele zinapozidi. Aliyekufa kimya haundiwi.

Imebaki hoja moja ninayoiheshimu, nayo ni ya wake na watoto wa askari. Askari nao wanakufa, wanasema, na hakuna anayewaandamania. Ni kweli. Novemba 2012 askari zaidi ya 40 waliuawa katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, walipotumwa kufuata mifugo iliyoibwa. Askari wanalala katika nyumba za mabati zinazogawanywa kwa pazia. Lakini ni nani ameyaandika haya kwa sauti rasmi? IPOA hukagua vituo na makazi ya polisi na kuripoti hali yake. Hupokea malalamishi ya askari wenyewe dhidi ya wakubwa wao. Baada ya shambulio la Mpeketoni, Lamu, Juni 2014, ripoti yake ilieleza jinsi polisi walivyochelewa kuitika na jinsi uongozi ulivyokosa mpangilio. Konstebo anayetumwa bondeni bila mipango anahitaji mtu wa nje wa kumuuliza kamanda wake maswali, na mtu huyo hawezi kuwa kamanda mwenyewe. Askari mwaminifu ndiye anayepata hasara kubwa kuliko wote pale mwenzake muuaji anapofichwa, kwa sababu sare ni moja na raia hana njia ya kuwatofautisha.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wa Kenya waache kujadili kama IPOA ipunguziwe meno. Waipe maabara yake ya kupima silaha na risasi, nje ya Idara ya Upelelezi. Waifufue ile sheria ya 2017 ya uchunguzi wa vifo kwa kuitengea fedha. Waandike sheria kwamba daftari la silaha, OB na kanda za kamera zikabidhiwe kwa IPOA ndani ya saa 24 baada ya kifo, na kanda ikifutwa, mkuu wa kituo ashtakiwe yeye binafsi. Wamtoe Inspekta Jenerali katika kikao kinachopiga msasa maafisa wake, hata ikibidi kurekebisha Katiba, na msasa wenyewe urudiwe kila baada ya miaka michache na kila afisa anapopandishwa cheo. Na mlalamishi apewe ulinzi siku anapotia sahihi, asingoje hadi atishiwe.

Nawe msomaji, mbunge wako atarudi kuomba kura mwaka 2027. Muulize alipiga kura gani katika mambo haya.